Wabunge wetu na pesa za demokrasia kutoka nje: wanachopokea, wanachokataa, na niliyoyaona nikiwa pembeni mwa ukumbi

#1 Karani wa Semina

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Kilichonileta ni ubishi wa juzi kijiweni. Jamaa mmoja anasema pesa zote za nje za "kuimarisha demokrasia" ni za mabeberu na wabunge wetu wamenunuliwa nazo. Mwenzake anasema bila pesa hizo Bunge lingekuwa muhuri wa Serikali na basi. Mimi nimekula mkate wa hizi semina miaka tisa, nikiwa mwandika taarifa wa kukodiwa. Ni yule mtu anayekaa pembeni na kompyuta, hapigi makofi, haulizi swali, anaandika nani kasema nini, halafu mwezi mzima anakimbizana na malipo yake. Kwa niliyoyaona, wale jamaa wote wawili wanapotea njia panda moja. Wanadhani mbunge anaupokea mradi au anaukataa. Mbunge haupokei wala haukatai, anaupepeta. Cha kumpa yeye nguvu anakibakiza kwenye ungo. Cha kumpa mpiga kura jicho la kumtazama yeye, anakipuliza.

Nianze na semina yenyewe kwa ambao hamjaingia. Hoteli ya ufukweni Bagamoyo, au Morogoro chini ya mlima. Bango mbele lina nembo nne, kila mchangiaji na yake, na kuna kikao kizima kilishakaliwa kuamua nani akae kushoto. Mlangoni yupo dada wa usajili na fomu ya mahudhurio: jina, jimbo, simu, sahihi. Ile fomu ndiyo roho ya mradi. Mkaguzi akija haulizi nani kaelewa nini, anauliza fomu. Nimemwona mheshimiwa anashuka garini dereva hajazima injini, anasaini, anachukua begi la semina, anampa mkono mwenyekiti wa kamati, na chai ya saa nne haikumkuta. Kwenye taarifa yangu yumo, ni "mshiriki".

Siku ya pili ya semina hiyohiyo mada ilikuwa uchambuzi wa bajeti. Mtoa mada mzungu mpole, slaidi safi, mishale ya bluu inazunguka kutoka "maandalizi" mpaka "tathmini" na kurudi ilikotoka. Mbunge mmoja wa viti maalumu, mama aliyewahi kuwa mwalimu wa msingi, akanyoosha mkono. "Baba, samahani. Huo mduara nimeuelewa. Sasa mimi ninacho Kitabu cha Nne cha bajeti hapa. Nionyeshe pesa za kukarabati hospitali kule kwetu ziko ukurasa gani, na mwaka jana zilikuwa ngapi."

Mtoa mada akakipokea kitabu, akafungua, akafunua kurasa kadhaa, akacheka kidogo kwa aibu. Ndipo katibu wa kamati, kijana wa Bunge letuletu aliyekuwa amekaa nyuma akichaji simu, akainuka na penseli. "Mama, usitafute kwa jina la hospitali, hutaipata. Anza na fungu. Ukishapata fungu shuka kwenye kifungu, ndipo uje kwenye kasma." Wakakaa dakika arobaini. Wabunge saba wakavuta viti. Mmoja akaanza kutafuta barabara yake, mwingine bwawa. Zile pesa za hospitali zilikuwepo, na zilikuwepo mwaka uliotangulia pia, tarakimu ileile, na hospitali haijaguswa.

Kwenye taarifa niliandika nusu ukurasa juu ya tukio hilo. Mratibu wa mradi akalifuta, akasema halimo kwenye matokeo yaliyotarajiwa.

Nitaendelea, acheni nimwagilie bustani kwanza.

#2 Kijana wa Ilala

Mkuu unazunguka mno. Sema tu semina ni ulaji. Hawa watu wanakwenda kwa ajili ya bahasha. Mwaka 2011 si walijipandishia posho ya kikao kutoka 70,000 hadi 200,000 nchi nzima ikapiga kelele? Mtu wa hivyo unamfundisha demokrasia gani?

#3 Karani wa Semina

Bahasha ipo, siwezi kukubishia, nimeziona. Nimeona pia mfadhili mmoja alipotangaza kwamba halipi posho ya kikao, analipa nauli na malazi tu: walialikwa arobaini, wakaja kumi na moja. Ila hao kumi na moja walikaa mpaka jioni, na maswali yao yalikuwa ya maana kuliko ya semina zote za mwaka ule. Mfadhili akaona idadi ndogo, mwaka uliofuata akarudisha posho. Hapo nani mlafi?

Lakini ukiishia kwenye bahasha hutaelewa mambo makubwa. Twende Kenya.

Hadi miaka ya 1990 Bunge la Kenya lilikuwa kama idara ya Serikali. Watumishi wake waliajiriwa na upande wa Serikali, bajeti yake ikikatwa huko huko. Mbunge unaambiwa umsimamie waziri, na karani anayekuandalia makabrasha anapandishwa cheo na watu wa waziri huyohuyo. Mwaka 1999 Peter Oloo Aringo akapeleka muswada wa kubadili Katiba, ikazaliwa Tume ya Huduma za Bunge: Bunge linaajiri watu wake na kujipangia bajeti yake. Muswada huo ulikuwa wa mbunge mwenyewe, ukapiganiwa na wabunge wenyewe, na ndani yake ulikuwa na masilahi yao waziwazi, kwa sababu tume hiyohiyo ndiyo ingeshughulikia mishahara na marupurupu.

Ndipo wafadhili wakaja kwa nguvu. Marekani kupitia shirika lake la misaada, USAID, iliweka pesa, Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kikaendesha mradi wa miaka mingi: kamati, utafiti, uchambuzi wa bajeti. Mwaka 2007 ikaanzishwa Ofisi ya Bajeti ya Bunge, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha ya 2009 ikaipa miguu ya kisheria. Vikao vikaanza kurushwa moja kwa moja mwaka 2008. Kasomeni Hansadi, kumbukumbu za vikao, za kabla na baada mfananishe maswali wanayoulizwa mawaziri wa fedha.

Sasa tazameni mfuatano. Wabunge walivunja mlango wenyewe mwaka 1999, mgeni akaletewa kiti baadaye. Nimesoma maandiko ya miradi mingi yanayosimulia habari hii kinyumenyume, kana kwamba pesa ndiyo iliyouvunja.

#4 Abiria wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Mwandishi umesema vizuri lakini umewapamba wabunge wetu kupita kiasi. Acha niongeze chumvi.

Mwaka 2005 tovuti ya Bunge la Kenya ilifungwa baada ya baadhi ya waheshimiwa kulalamika. Walikuwa wameudhiwa na nini? Wasifu wao uliwekwa kwenye intaneti, shule walizosoma na kazi walizofanya, watu wakaanza kusoma na kucheka. Sasa hiyo si siri ya dola, ni shule uliyosoma tu! Ndiyo sababu vijana wawili, Ory Okolloh na mwenzake Conrad Akunga, wakaanzisha Mzalendo mwaka huohuo, wakawa wanaweka wenyewe habari za nani amesema nini bungeni. Baadaye ikakua ikawa shirika linalopokea ufadhili wa nje, na kila mwaka ikitoa orodha ya wabunge walionyamaza utasikia kelele: hawa wametumwa na wazungu, kwani kazi ya mbunge ni kuongea tu?

Lakini ngoja, kuna upande wa pili. Mwishoni mwa 2013 Serikali ilileta pendekezo la kuyabana mashirika, pesa za nje zisizidi asilimia 15 ya bajeti yao. Mtindo wa Ethiopia, wao mwaka 2009 waliweka asilimia 10 kwa mashirika ya haki na utawala bora. Bunge likaliangusha. Na lilikuwa Bunge lenye wengi wa Serikali! Unadhani ni kwa mapenzi ya demokrasia? Mbunge wa kaskazini alipiga hesabu: visima, zahanati, chakula cha shule, vyote ni vya mashirika. Ukikata pesa hizo, wananchi watakuja kukaa kwenye veranda yake.

#5 Karani wa Semina

Abiria, ahsante sana, hapo kwenye veranda umemaliza. Na ndiyo maana pale Kenya walijitungia CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo, mwaka 2003 bila kusukumwa na mfadhili yeyote. Mbunge akihitaji kitu kweli, hahitaji warsha.

Uganda nako kuna somo. Mwaka 1997 Dan Wandera Ogalo alipeleka muswada binafsi, Bunge likapata uhuru wa kujiendesha. Mwaka 2001 Beatrice Kiraso akapeleka muswada binafsi mwingine, Sheria ya Bajeti, ikazaa ofisi ya bajeti ya Bunge, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika. Wizara ya Fedha haikufurahi kuona mtu mwingine ameshika kikokotoo. Wafadhili walisaidia, lakini injini ilikuwa ya wabunge.

Halafu likaja shirika moja la Kampala, African Leadership Institute, kuanzia 2006 likawa linatoa kadi ya alama za wabunge: mahudhurio ya kikao, kamati, kazi jimboni. Pesa zilikuwa za wafadhili walewale. Lo! Waheshimiwa waliokuwa wanasifia "ushirikiano na wadau" wakageuka. Vigezo vibaya, watafiti vijana, nani kawatuma. Nisiwaonee, hoja moja ilikuwa ya haki: mbunge anayehangaika kwenye mazungumzo ya faragha kubadili kifungu haonekani kwenye hesabu ya hotuba. Nimefanya kazi na wabunge wa aina hiyo, hawasemi kitu ukumbini na wanang'oa vifungu vizima kwenye kamati. Lakini kelele nyingi hazikuhusu vigezo. Mwalimu akisahihishiwa daftari lake hadharani na mzazi, hata kama masahihisho ni sawa, atauliza mzazi kasoma wapi.

Miradi ile miwili, ofisi ya bajeti na kadi ya alama, kwa mfadhili inakaa safu moja ya jedwali: utawala bora. Kwa mbunge, mmoja unampa rungu na mwingine unampiga nalo.

#6 Mkwezi

Na ule mfuko wa DGF ulioleta kizaazaa Uganda?

#7 Karani wa Semina

DGF ulianzishwa 2011, nchi za Ulaya na Umoja wa Ulaya zikiweka pesa kwenye kapu moja kwa mashirika na hata taasisi za umma za Uganda. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Rais Museveni akamwandikia waziri wake wa fedha kuusimamisha. Malalamiko yake: pesa nyingi zinaendeshwa na wageni, Serikali haina sauti, na zinatumika kuihujumu. Mwaka 2022 akaruhusu uendelee, ila muda ulikuwa umekwisha, ukafungwa mwishoni mwa mwaka huo. Ubishi wote ule ulikuwa kati ya Ikulu na mabalozi. Bunge lenye ofisi ya bajeti iliyosifiwa dunia nzima lilibaki mtazamaji.

#8 Mkwezi

Sasa rudi nyumbani. Unakwepa Dodoma.

#9 Karani wa Semina

Sikwepi, nilikuwa napasha joto.

Mwaka 2005 vyama vyenye wabunge vilianzisha Kituo cha Demokrasia Tanzania, TCD, kwa msaada wa taasisi ya Kiholanzi ya NIMD. Bunge lenyewe limepata mradi wake kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, pesa za nchi kadhaa: mafunzo kwa kamati, vifaa, wataalamu. Wakati wa Spika Samuel Sitta, yule wa kasi na viwango, Kanuni ziliandikwa upya 2007, na Februari 2008 kamati teule ya Dk. Mwakyembe ikasoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Wapo waliotaka kuandika kwenye taarifa zao kwamba haya ni matunda ya mafunzo. Jamani. Mtu anaweza kufundishwa kuhoji shahidi, ila ujasiri wa kumtaja Waziri Mkuu wa chama chako hautoki kwenye begi la semina. Ulitoka kwenye mvutano ndani ya chama, umeme kukatika, na magazeti yaliyokuwa hayalali.

Halafu upepo ukageuka. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye akatangaza kwamba TBC inaacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao, gharama shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Pesa za kufundishia wabunge kuzungumza na wananchi zilikuwepo, za kuwaonyesha kwa wananchi zikakosekana.

Na tarehe 29 Januari 2019 Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa. Humo kuna kifungu cha 5A: mtu au taasisi yoyote, ya ndani au ya nje, ikitaka kutoa elimu ya uraia au mafunzo ya kujengea uwezo kwa chama cha siasa, imwandikie Msajili wa Vyama siku thelathini kabla, ieleze malengo, aina ya mafunzo, wahusika, vifaa vya kufundishia, na matokeo yanayotarajiwa. Someni tena orodha hiyo. Kwa sisi wa semina ilikuwa kama kusoma andiko la mradi. Malengo, walengwa, matokeo yanayotarajiwa! Waheshimiwa walioketi kwenye warsha zetu miaka yote walijifunza lugha yetu barabara, wakatufungia mlango nayo.

Wapinzani walipeleka kesi, na Machi 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikaamua kwamba baadhi ya vifungu vya marekebisho yale vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

#10 Mzalendo Halisi

Nimesoma yote. Unajifanya msomi ila ujumbe ni uleule, mabeberu wazuri, wabunge wetu wabaya. Kama msaada wao ni mwema, wao wangekubali sisi tuwafundishe?

#11 Karani wa Semina

Mkuu, swali lako ni zuri kuliko maneno uliyoanzia. Jibu ni hawakubali. Sheria ya Marekani inakataza raia wa kigeni kuchangia kampeni za uchaguzi wao, na tangu 1938 wana sheria inayomtaka anayemfanyia kazi za kisiasa mkubwa wa nje ajisajili. Kwa hiyo mbunge wa Dodoma au Kampala akisimama kuuliza "nyie mnatoa nini na mnataka nini", hajakosea hata kidogo. Mashaka yangu yanaanza pale swali linapoulizwa kwa shirika la kutazama uchaguzi na halijaulizwa kwa ile ziara ya mafunzo ya siku kumi Ulaya aliyokwenda yeye.

Na wafadhili wana madhambi yao. Nimeshuhudia mada ileile ya "wajibu wa mbunge" ikifundishwa kwa kamati moja na miradi mitatu ndani ya miezi minne, kila mmoja na bango lake. Nimeona nchi inamwaga pesa kwa demokrasia ya jirani mmoja na kumkumbatia jirani mwingine anayefunga wapinzani, kwa sababu huyu wa pili anatoa askari. Wabunge wanaona. Hawasemi kwenye kipaza sauti, wanasema kwenye foleni ya chakula.

Hata wabunge wenzao wa Ulaya yaliwakuta. AWEPA ilianza 1984 ikiwa umoja wa wabunge wa Ulaya Magharibi wanaopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, baadaye ikageuka shirika la kusaidia mabunge ya Afrika. Mwaka 2017 ikafilisika, ikafungwa.

#12 Abiria wa Rongai

Na sasa hata mwenye mfuko amefunga duka. USAID kwisha.

#13 Karani wa Semina

Ndiyo. Januari 2025 msaada ulisimamishwa kwa amri ya Trump siku ya kwanza ofisini, Machi waziri wake wa mambo ya nje, Rubio, akatangaza asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika likafungwa rasmi. Mimi barua pepe ya kusitisha mkataba niliipata nikiwa kwenye daladala Mwenge, mistari minne, hata jina langu walilikosea. Nilikuwa na semina ya siku tatu mbele yangu na viza ya mtoa mada imeshatoka.

Nilikuwa nikisubiri wabunge niliowafahamu walie. Mmoja tu alinipigia, kuuliza kama ziara nayo imefutwa. Ofisi ya bajeti ya Nairobi haikufungwa, watumishi wake wanalipwa na Bunge lao. Yule katibu wa kamati mwenye penseli naye yuko palepale, mwajiri wake ni Bunge. Kilichozimika ni mabango, tovuti mbili tatu za kufuatilia miswada ambazo hakuna bunge lililowahi kuomba ziwepo, na mimi.

#14 Kijana wa Ilala

Pole sana mkuu, hapo umenigusa. Nifuatilie kitu kimoja: yule mama wa Kitabu cha Nne yuko wapi? Hospitali ilikarabatiwa?

#15 Karani wa Semina

Aliuliza swali bungeni kuhusu tarakimu ile, akajibiwa kwamba Serikali inaendelea kutafuta fedha. Akauliza tena mwaka uliofuata. Paa la wodi ya wazazi lilibadilishwa, mengine sina hakika. Mwaka 2020 kura za ndani ya chama hazikutosha, akarudi kijijini.

Miezi michache iliyopita alinipigia. Yumo kwenye kamati ya zahanati ya kijiji chao, anataka kitabu cha bajeti ya halmashauri, mtendaji anamwambia arudi Jumatatu. Kila Jumatatu. Nimemwahidi nitamtafutia nakala. Kama kuna mtu humu ana mtu wake idara ya mipango kwenye halmashauri yoyote ya kusini, aje inbox.

#16 Mkwezi

Nakuja inbox.